Bustani ya Dirishani Wakati wa Giza la Ulaya



Somo letu la mara hii halikutoka katika madaftari ya chuo cha ualimu tulikofundisha, ingawa madaftari nayo tutayafungua kidogo. Limetokana na swali ambalo wazazi wa parishi yetu hutuuliza nje ya kanisa baada ya ibada, hasa kuanzia mwezi wa Novemba: "Mwalimu, huyu mtoto wetu aliyeko Ulaya amepatwa na nini? Katikati ya mwaka hupiga simu kila Jumapili. Ikikaribia Krismasi hunyamaza, na ukimpigia wewe hujibu maneno mawili tu. Je, ametusahau?"

Swali hilo tulijiuliza hata sisi kwa miaka minne. Binti yetu alikwenda Uskoti mwaka 2018, akapata kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Kuanzia Aprili hadi Septemba sauti yake ilikuwa ile ile tuliyoizoea, ya kucheka na kuuliza habari za kila jirani. Ikifika Novemba alikuwa mtu mwingine. "Nipo mama, nimechoka tu." Basi. Tuliketi hapa Muheza tukasema ana kiburi, fedha zimembadilisha. Na siku moja tulimwambia hivyo hivyo kwenye simu, kwa maneno makali. Tunaandika jambo hili bila kulificha kwa sababu tulimkosea, na tunadhani hatuko peke yetu katika parishi hii.

Mwezi wa Oktoba 2022 walitutumia tiketi, yeye na mumewe, twende tukawasaidie kumtunza mjukuu wetu wa miaka mitatu. Mzee wetu alibaki nyumbani na kuku wake. Tulikaa huko hadi mwisho wa Machi. Miezi hiyo sita ndiyo iliyotufundisha haya tunayoyaeleza.

Kwanza tuanze na chungwa. Wale waliosoma kwetu watakumbuka zoezi hili. Chukua chungwa, lichome kijiti toka juu hadi chini. Washa taa katikati ya meza, na chumba kiwe na giza. Shika kijiti, kiinamishe kidogo, kiasi cha nyuzi 23 na nusu, ncha yake ya juu ielekee upande wa dirisha. Sasa uizunguke meza polepole, ukilizungusha chungwa juu ya kijiti chake, wala usibadili ule mwelekeo wa ncha. Utaona kwamba ukiwa upande mmoja wa meza ncha ya juu imeielekea taa. Ukifika upande wa pili ncha hiyo imeipa taa kisogo, na sehemu ya juu ya chungwa inakaa gizani muda mrefu kila mzunguko. Lakini tazama kiunoni mwa chungwa, ndiko tuliko sisi. Hapo nuru na giza hugawana karibu sawasawa, uwe upande wowote wa meza.

Ndiyo sababu huku kwetu tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka haifiki dakika 40, na mtu anaweza kuzeeka bila kuiona. Katika mji wa Glasgow mambo ni mengine. Mwezi wa Juni nuru ya mchana hudumu saa 17 na nusu. Mwishoni mwa Desemba ni saa 7 tu: jua huchomoza saa 3 kasorobo asubuhi na kuzama saa 10 kasorobo alasiri. Tena hata hilo jua la mchana halipandi. Hutambaa karibu na paa za nyumba, nalo mara nyingi limefunikwa na mawingu kama chungu kilichofunikwa na sufuria. Binti yetu alitoka kwenda kazini saa 1 asubuhi kukiwa na giza, akarudi saa 2 usiku kukiwa na giza. Siku za kazi jua hakulitia machoni kabisa.

Huenda msomaji atasema: giza ni giza tu, mtu huwasha taa. Nasi tulisema hivyo. Lakini jicho halipimi nuru kwa uaminifu, kwa kuwa hujizoesha upesi. Wataalamu hupima nuru kwa kipimo kiitwacho luksi. Jua la mchana lililo wazi huweza kufika luksi 100,000. Mchana wa mawingu wa Ulaya wakati wa baridi huwa ni elfu chache. Ndani ya nyumba, usiku, na taa zote zimewashwa, mara nyingi ni kati ya 100 na 300. Sisi twaona chumba kinang'aa. Lakini ile saa iliyomo ndani ya mwili, iongozayo usingizi na kuamka, haidanganyiki. Yenyewe hungoja nuru kali ya asubuhi ili ijue kwamba kumekucha. Isipoipata hukosa majira, na kile kichocheo cha usingizi kiitwacho melatonini huenda kikaendelea kumwelemea mtu mchana.

Daktari mmoja, Norman Rosenthal, mzaliwa wa Johannesburg, alihamia Marekani mwaka 1976. Kwao alizoea jua. Alipofika New York akashangaa jinsi nguvu zake zilivyomwishia kila majira ya baridi na kumrudia kila majira ya kuchipua. Mwaka 1984 yeye na wenzake walichapisha maelezo ya ugonjwa huu na kuupa jina. Dalili zake si zile ambazo watu wengi huzifikiria mtu akisema huzuni. Mgonjwa hulala mno na bado huamka amechoka. Hutamani vyakula vya wanga na sukari, akanenepa. Hujitenga na watu, na vitu alivyovipenda humkinai. Halafu Machi au Aprili yote huondoka kama umande, na yeye mwenyewe husahau, mpaka Novemba nyingine.

Hayo ya mgonjwa. Yetu sisi yalikuwa madogo zaidi, lakini tuyataje. Sisi ni watu wa bustani. Tangu tustaafu, na hata kabla, hatujapata kunywa chai ya asubuhi kabla ya kushika jembe. Huko Uskoti, wiki ya tatu ya Novemba, tulitoka nyuma ya nyumba na jembe la kukopa tukijidai kutayarisha tuta. Ardhi ilikuwa imeganda. Jembe lilipiga kelele kama limegonga reli. Tukarudi ndani, tukakaa kitini, na tangu siku hiyo tukawa hatuoni sababu ya kuamka. Mjukuu wetu alikuja akatuvuta mkono, "Bibi, mbona hupigi hadithi?" Hatukuwa na hadithi.

Usiku mmoja wa Desemba tulishuka jikoni kunywa maji, tukamkuta binti yetu ameketi gizani, koti lake la kazini bado mwilini. Tukawasha taa.

"Shikamoo mama," alisema, kama mtu aliyeshtuliwa.

"Marahaba. Una nini, mwanangu?"

"Sina kitu. Kila mwaka huwa hivi. Huenda nina wazimu."

"Mbona hukutuambia?"

"Ningewaambia nini, mama? Kwamba nalia kwa sababu jua limezama mapema? Mngenicheka."

Tulinyamaza, kwa kuwa ni kweli tungemcheka.

Wiki iyo hiyo bibi mmoja jirani, mjane, Mskoti wa miaka themanini na kitu, alisikia kwamba tumetoka Tanzania. Akaja na chungu kidogo cha maua, kimefungwa karatasi. Akasema: "Haya ni ya kwenu." Tukafungua. Majani ya duara, manene, yenye manyoya laini kama sikio la mtoto wa mbuzi. Na katikati maua ya rangi ya urujuani yenye vidonge vya manjano. Tuliona haya kubwa. Maana ua lile tulikuwa tumelipita mara nyingi tulipowapeleka wanachuo katika msitu wa Amani, limejishika kwenye miamba yenye kivuli kando ya vijito, nasi hatukupata kusimama tukalitazama.

Habari zake ni hizi. Karibu na mwaka 1892 Mjerumani mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala huku kwetu Tanga, alilikuta ua hilo akalipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akalipeleka kwa Hermann Wendland, mkuu wa bustani za Herrenhausen katika mji wa Hannover, naye akalieleza kitaalamu mwaka 1893 na kuliita Saintpaulia, kwa jina la ukoo ule. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameliingiza katika kundi lingine liitwalo Streptocarpus, lakini Wajerumani hawajali. Kwao ni Usambaraveilchen, yaani urujuani wa Usambara. Leo linauzwa kila mahali Ulaya na Marekani, tena kwa bei ndogo, nalo huchanua ndani ya nyumba hata wakati theluji iko nje. Yaani majirani wa binti yetu walikuwa wakitumia mlima wetu kujiliwaza, na mtoto wa mlima wenyewe amekaa gizani jikoni.

Mmea huo wa kwanza tuliuua. Tunasema wazi ili mwingine asirudie. Huku nyumbani tumezoea kumwagilia asubuhi na jioni, basi tukafanya vivyo hivyo, tena kwa maji baridi ya bomba, tukiyamwaga juu ya majani. Siku chache tu majani yakapata madoa ya kahawia; wiki ya pili kiini kikaanza kuoza. Kumbe wakati wa baridi, nuru ikiwa haba, mmea haunywi. Unakaa kama mtu aliyelala. Ukimmiminia maji mtu aliyelala utamzamisha.

Yule bibi jirani hakukasirika. Alitufundisha kwa upole, sisi tuliofundisha elimu ya mimea miaka 31! Alichagua jani moja lililokuwa bado zima, akalikata pamoja na kikonyo chake, urefu wa sentimita tatu hivi, akalichomeka katika udongo mwepesi wenye unyevu kidogo, akafunika chungu kwa mfuko wa plastiki unaopenya nuru. "Sasa ngoja," alisema. Tukangoja.

Utunzaji wake, kwa ufupi, ni huu. Chungu kiwekwe juu ya kisahani. Ukigusa udongo ukaona umekauka juu, tia maji ya vuguvugu kisahanini, uache mmea unywe kwa chini nusu saa, kisha yanayobaki uyamwage. Majani yasiloe. Upende nuru nyingi isiyo ya jua kali la moja kwa moja. Lakini jua la Desemba la kule ni dhaifu kiasi kwamba dirisha la kusini halina neno. Usiku, pazia likifungwa, kile kipande cha ubao kati ya pazia na kioo hugeuka barafu, kwa hiyo chungu kihamishwe kije upande wa chumbani. Kila wiki kizungushwe robo, maana mmea huinamia nuru. Mbolea isitiwe hadi siku zirefuke.

Jambo la dirisha tulitaka kulieleza zaidi, kwa sababu ndilo lililotugeuza. Huku kwetu tunajenga baraza na kuchomoza paa ili jua lisiingie ndani. Dirisha ni la upepo. Kule dirisha ni shamba. Na kwa kuwa jua liko upande wa kusini, dirisha linaloelekea kusini ni shamba lenye rutuba, la kaskazini ni jangwa. Nuru hupungua upesi sana ukiondoka kwenye kioo. Hatua mbili tatu ndani ya chumba, mmea unaanza kufunga. Mtu anaweza kupima bila chombo: saa sita mchana weka karatasi nyeupe mahali unapotaka kuweka chungu, unyoshe mkono juu yake. Kivuli kikiwa cheusi chenye mipaka, nuru inatosha. Kikiwa hafifu, panafaa mimea ya kivulini tu. Kisipoonekana, usiweke mmea hapo, na wala usiweke kiti chako.

Basi tulipima nyumba nzima na mjukuu wetu, yeye akishika karatasi. Ndipo tulipoona kwamba kiti tulichokuwa tumekikalia mwezi mzima kilikuwa mahali ambapo hata kivuli hakikupatikana. Tulikihamisha kile kiti siku hiyo hiyo kwenda dirishani, pamoja na kile chungu chenye jani moja.

Kisha bustani ikaongezeka. Tulinunua mmea mwingine wa kwetu, uitwao Zamioculcas, uotao porini Kenya, Tanzania, Zanzibar na kuendelea kusini. Wahindi na Wazungu huko nyumbani huupanda varandani. Majani yake ni mazito, yanang'aa kama yamepakwa mafuta, na chini una viazi vya kuwekea maji. Wakulima wa maua wa Uholanzi walianza kuutawanya duniani miaka ya 1990. Huo ndio wa mtu mwenye kazi nyingi: ukiusahau wiki tatu au nne haukuhesabii. Tukauweka pale penye kivuli hafifu. Tulijaribu na mchicha, kwa tamaa. Ulikuwa aibu. Ulirefuka kama uzi, mweupe, ukaanguka. Mchicha ni mtoto wa jua, hautaki mchezo. Dania iliota polepole, ikatosha kunyunyizia mchuzi. Kwa mjukuu tulipanda haradali juu ya pamba iliyoloa katika kifuniko cha kopo, na kwa muda wa wiki moja hivi aliikata kwa mkasi akaila na mkate, akajiita mkulima.

Lakini kitu kilichotushangaza kuliko vyote ni haiasinti. Ni ua lenye kitunguu. Mkwe wetu alikuwa amekiweka mwezi wa Oktoba mdomoni mwa chupa ya kioo yenye maji, kitunguu kikikaribia maji bila kuyagusa, akakificha katika kabati la baridi chini ya ngazi, gizani, kwa wiki kumi. (Akivishika alivaa glavu, kwa kuwa vitunguu hivyo huwasha ngozi.) Mwishoni mwa Desemba alikitoa. Mizizi ilikuwa imejaa chupa nzima kama ndevu nyeupe, na juu kimetokeza kichipukizi. Wiki ya tatu ya Januari kikachanua, na harufu yake ikajaa hadi chumba cha juu. Mchungaji wa huko alipotutembelea alianza kukitolea mfano wa mahubiri, tukambadilishia mazungumzo. Kitunguu kinahitaji baridi na giza kwa maumbile yake. Binti yetu hahitaji.

Hapa yatupasa kusema kwa uangalifu. Mimea si dawa ya ugonjwa huu, na mtu asije akamnyima mtoto wake daktari kwa kumtumia ua. Tena kuna maneno mengi yasemwayo juu ya mimea ya ndani. Wengine husema husafisha hewa. Mwaka 1989 watafiti wa shirika la anga la Marekani walipima jambo hilo ndani ya masanduku yaliyofungwa, na habari ikaenea. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba katika nyumba ya kawaida ingehitajika mimea kumi au zaidi katika kila mita moja ya mraba ili ishindane na hewa ipitayo mlangoni. Kufungua dirisha ni rahisi zaidi.

Kazi ya mmea tuliyoiona sisi ni nyingine, na ni ya kawaida kabisa. Ulitutoa kitandani. Jani lile chini ya mfuko halikuweza kutazamwa usiku. Ilibidi kungoja nuru, kwa hiyo tulikuwa dirishani kila asubuhi jua lilipotoka, tukikaa pale nusu saa au zaidi, macho yetu yakipata ile nuru ambayo bila jani tusingeifuata. Mikono ilipata kazi. Na kila siku kulikuwa na jambo moja ambalo jana halikuwapo. Kwa mtu ambaye siku zake zote zimefanana, hilo si dogo.

Binti yetu ilikuwa lazima aende kwa daktari, akaenda mwezi wa Januari, nasi tukafuatana naye. Daktari hakumcheka. Alimwuliza maswali mengi, pamoja na lile gumu, kama amewahi kutamani asiwepo. Alinyamaza kidogo kabla ya kujibu, akasema ndiyo, mwaka uliopita. Tulikuwa tumeketi karibu naye. Mwaka uliopita ndio mwaka tuliomwambia kwamba fedha zimembadilisha.

Alipewa mtu wa kuzungumza naye kila wiki, akaelezwa na dawa zilizopo iwapo mazungumzo hayatatosha, na habari za taa maalumu ya luksi 10,000. Taa hiyo mtu huketi mbele yake asubuhi, kiasi cha nusu saa, kwa umbali ulioandikwa na watengenezaji, macho wazi ila asiikodolee. Mwenye ugonjwa wa macho, au mwenye ugonjwa wa akili unaomrusha kutoka huzuni kuu hadi furaha iliyopita kiasi, aulize kwanza kwa daktari. Tuliiweka taa juu ya meza ile ile ya vyungu. Saa 12 asubuhi, nje kukiwa giza totoro, alikunywa chai mbele yake huku akikagua majani, na tunadhani majani nayo yalifaidi.

Jambo lingine ambalo wazazi wengi hawalijui ni vitamini D. Ngozi yetu nyeusi inahitaji jua jingi zaidi kuitengeneza, na jua la kule wakati wa baridi haliwezi kabisa. Wala kukaa dirishani hakusaidii katika hili, kwa sababu kioo huzuia ule mwonzi unaotakiwa. Serikali ya Uingereza huwashauri watu wote wafikirie kumeza mikrogramu 10 kwa siku wakati wa baridi, na watu wenye asili ya Afrika wafikirie kuzimeza mwaka mzima. Vidonge ni rahisi. Binti yetu, muuguzi, aliwagawia wazee wake kila asubuhi na yeye mwenyewe hakumeza.

Wengine wataona kwamba kutafuta faraja katika vyungu ni mambo ya watoto. Tuwakumbushe William Cowper, Mwingereza wa karne ya 18, ambaye baadhi ya nyimbo zake zimefasiriwa hata kwa Kiswahili. Katika mji mdogo wa Olney yeye na mchungaji John Newton walitoa kitabu cha nyimbo mwaka 1779. Cowper alikuwa mgonjwa wa huzuni kali maisha yake yote. Mwezi wa Januari 1773 ulimwangusha vibaya, na tangu hapo aliogopa kila Januari ilipokaribia. Ugonjwa wake ulikuwa mzito kuliko huu tunaoueleza, wala hakupona. Lakini alijijengea kibanda cha vioo cha mimea, akafuga sungura, akalima matango kabla ya msimu wake juu ya samadi yenye joto, na katika shairi lake kubwa la mwaka 1785 kuna sehemu nzima inayohusu bustani, akieleza namna ya kuotesha matango hayo bila kuona haya yoyote. Nasi kama mtu wa akili kama yake aliona tango linafaa kushughulikiwa, hatuoni kwa nini muuguzi asishughulikie jani.

Mwishoni mwa Februari, chini ya ule mfuko, kando ya kikonyo cha jani, vilitokeza vijani viwili vidogo kuliko kucha ya mtoto. Mjukuu ndiye aliyeviona kwanza. Tuliondoka mwezi uliofuata, tukaacha chungu kwa binti yetu na maagizo yote yameandikwa kwa herufi kubwa juu ya jokofu: MAJI CHINI, SI JUU.

Tangu turudi, wazazi wawili wamekuja kutuuliza kama wanaweza kung'oa urujuani wa msituni wampelekee mtoto katika sanduku. Tafadhali, hapana. Amani ni hifadhi tangu mwaka 1997, maua hayo ya porini yamebaki machache, na mmea hauvuki mipaka bila hati ya afya ya mimea. Mtoto atanunua wake dukani huko huko, wameyazalisha mamilioni.

Mnachoweza kufanya ni kupiga simu. Wakati wa baridi Uingereza iko nyuma yetu kwa saa 3. Msipige usiku wetu, mkamkuta ametoka kazini amechoka na kiza kimemfunika. Siku yake ya mapumziko pigeni saa 6 mchana. Kwake ni saa 3 asubuhi, ndipo kunapambazuka. Wala msianze kwa "U hali gani?" Atajibu "Mzima," kama alivyotujibu sisi miaka minne. Mwulizeni mmea wake una machipukizi mangapi. Itambidi avute pazia, asimame dirishani ahesabu.

Januari 2024 tulimwuliza hivyo. Alikaa kimya kidogo, tukasikia pazia likivutwa, na mtoto akipiga kelele nyuma yake. "Mama," alisema, "kumi na moja. Ngojeni, kuna jingine huku chini ya jani."